Vitabu vya zamani vyenye picha: hesabu picha kwanza, bei baadae

Mkuu umeuliza kuhusu vitabu viwili vya hadithi za watoto alivyokuachia marehemu babu yako, Peter Rabbit na kile cha Peter Pan chenye michoro ya Arthur Rackham, kama kweli ni vya mamilioni kama ulivyoona mtandaoni. Hivi vitu navipenda mno, nanunua kwa wauza mitumba pale Posta na kwa familia zinazohama, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mkono.

Kwanza umri peke yake hauna bei. Kitabu kinaweza kuwa na miaka mia na ushee na bado mnunuzi akakupa elfu ishirini akaondoka zake.

Tuanze na Rackham maana huyu ndo mwenye mambo. Peter Pan in Kensington Gardens ya wachapishaji Hodder & Stoughton, 1906, ilitoka na picha 50 za rangi. Enzi hizo uchapaji wa rangi tatu ulitaka karatasi laini inayong'aa, karatasi ya kawaida ya maandishi ilikuwa haifai, kwa hiyo picha zilichapwa kivyake halafu zikabandikwa kwa gundi kidogo tu juu ya karatasi nene ya kahawia, na kila moja ikafunikwa kikaratasi chepesi. Sasa hiyo gundi kidogo ndo balaa lenyewe, picha inabanduka bila hata kuchanika, watu wanaitoa wanaitia fremu wanaiuza peke yake. Nimeshashika kopi jalada zuri, maandishi ya dhahabu bado yanang'aa, nafungua nyuma nakuta karatasi za kahawia tupu zimefuatana, roho iliniuma kwa kweli, maana kazi ya mtu kama yule ilitakiwa ikae pamoja. Kwa hiyo kaa mezani na orodha ya picha iliyomo mle mle ndani, hesabu moja moja, ya kwanza iko mbele na 49 zilizobaki zimewekwa mwishoni. Ikikosekana hata moja bei inashuka vibaya.

Halafu zile bei kubwa ulizoziona, angalia vizuri, nyingi ni za toleo maalum la nakala 500 lenye sahihi ya Rackham mwenyewe na jalada la ngozi nyeupe. Ya kawaida yenye jalada la kitambaa ni kitu kingine kabisa, usizilinganishe.

Peter Rabbit sasa. Mwandishi wake, Beatrix Potter, alichapisha nakala 250 kwa hela yake mwezi Desemba 1901 baada ya wachapishaji kumkatalia, ndipo kampuni ya Frederick Warne wakaitoa kwa rangi Oktoba 1902. Tatizo ni kwamba ule mwaka 1902 wa hakimiliki uliendelea kuchapwa miaka na miaka, watu wanauona wanaruka juu wakidhani ni toleo la kwanza. Kwa hiyo mwaka huo peke yake usikudanganye. Na ukikuta kurasa za ndani ya jalada zina wanyama wa rangi, basi sio toleo la kwanza, hizo zilianza 1903.

Hali ya kitabu nayo usiipuuze, hasa sisi wa Dar na Tanga. Unyevu unaleta madoa ya kahawia, na hizo karatasi zinazong'aa zikilowana zinagandana, ukizilazimisha rangi inabaki upande wa pili. Selotepu hapana, kabisa! Usifute madoa, usibandike upya picha iliyolegea, iache palepale ilipo. Mhuri wa maktaba ya shule unapunguza bei, ila jina la babu kwa kalamu usilifute, ukilifuta unaharibu karatasi na pia ndo historia ya kitabu chenu.

Bei usichukue ile anayoomba muuzaji, mtu anaweza kuomba chochote. Kwenye eBay chuja uone vilivyokwishauzwa tu, na zile nyumba za minada, Christie's na Sotheby's, matokeo ya minada yao ya nyuma yako kwenye tovuti zao. Kumbuka mnada una kamisheni, na kutuma mzigo Ulaya sio bure.

Piga picha ukurasa wa jina, nyuma yake, na jalada la mbele na uti wa kitabu, mchana dirishani bila flashi, uniwekee hapa pamoja na idadi ya picha ulizozikuta. Na mpaka hapo usimpe dalali yeyote hata "aende kukionyesha tu".