Uliza Mzee wa Tela: Kontena langu litapita chini ya daraja?

SWALI: Shikamoo Mzee. Naendesha semi, msimu wa korosho natoa magunia Masasi na Newala kupeleka bandarini Mtwara. Sasa tajiri anataka nibebe makontena hadi Dar. Huku kwetu madaraja tunapita juu yake, kupita chini sijazoea. Utingo wangu anasema ukipita umepakia, kurudi mtupu huna wasiwasi. Kweli?
Dereva, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo utingo atakutia hasara. Gari likipakia, springi zinalala na matairi yanabonyea. Ukishusha, bodi inanyanyuka. Palipobaki vidole viwili wakati wa kwenda, wakati wa kurudi na kontena tupu panaweza kukwaruza.

Halafu makontena hayalingani. La kawaida lina kimo cha mita 2.59, lile refu mita 2.90, na ukiyatazama kwa mbali huyatofautishi, maana upana ni uleule. Tazama pembe za juu: lile refu huwa na milia ya njano na nyeusi. Kama kitanda cha tela yako kiko mita 1.5 kutoka chini, ukiweka refu umefika 4.40. Bango likisema 4.3, hupiti, na usiniambie utapita polepole.

Pima mwenyewe kwa tepu, gari likiwa tupu, upepo umejaa, limesimama pa tambarare. Andika kwenye karatasi, bandika mbele ya usukani. Bango nalo usiliamini kupita kiasi: lami ikimwagwa juu ya lami, nafasi inapungua na namba inabaki ileile. Na barabara ikiwa na bonde chini ya daraja, tela ndefu inakaa kingo hadi kingo, katikati yake inapanda.

Kule Durham, Marekani, kuna daraja la reli lililokuwa na mita 3.56 tu. Wakaweka boriti ya chuma mbele yake, mabango, na taa za kuonya. Malori yakaendelea kuchunwa mapaa. Mwaka 2019 wakalinyanyua hadi 3.76, na bado wapo wanaoligonga. Wenye macho hao!

Kwa huku Kusini, hofu yako iwe nyaya zilizolegea, matawi ya miembe na mageti ya maghala yaliyojengwa enzi za malori madogo. Na ule mtindo wa utingo kupanda juu ya kontena na fito ili anyanyue waya, ukomeshe leo. Fito mbichi inapitisha umeme.

Ukikwama chini ya daraja, usikanyage mafuta. Washa hazadi, utingo azuie magari ya nyuma, punguza upepo kwenye matairi, kisha rudi kinyumenyume taratibu. Daraja likiwa la reli, wa kwanza kupigiwa simu ni watu wa reli, kabla treni haijafika. Tajiri atasubiri.