Ndoano ya manyoya: jifunze uzi kwanza

Karibu kila anayetaka kuanza kufunga ndoano zake mwenyewe hapa Kigoma, yaani kuzivisha manyoya ili samaki adhani ni chakula, huuliza habari ya manyoya. Ya kuku gani, rangi gani, ya shingoni au ya mkiani? Swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni uzi. Manyoya mazuri yaliyofungwa kwa uzi uliolegea yatahama ubavuni mwa ndoano kabla hujafika mbali na mwalo wa Kibirizi, na samaki wa kwanza, mgebuka, atakayegonga atakuachia chuma kitupu.

Vifaa visikutishe. Jiliwa dogo la fundi linatosha, na kama huna, koleo lililobanwa mpini kwa kipande cha mpira wa tyubu na kufungwa kwenye ukingo wa meza litashika ndoano vizuri tu. Ongeza mkasi mdogo wenye ncha kali, sindano, na kichupa cha rangi ya kucha isiyo na rangi. Ndoano chukua zenye shina, ile sehemu iliyonyooka, refu kidogo. Dukani kumbuka kwamba namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo, lakini ukikuta mkwaju na sifuri, yaani 1/0, 2/0 na kuendelea, hesabu inageuka: hapo namba ikipanda na ndoano inakua.

Uzi nunua wa polyesta, mwembamba, ule wa cherehani. Wa pamba ukilowa mara kwa mara huoza, tena una vinyweleo vinavyonenepesha kichwa cha ndoano. Anzia nyuma kidogo ya tundu la kufungia mshipi, uzungushe uzi juu ya uzi wenyewe mara tano au sita kuelekea nyuma. Utajishika bila fundo, nawe utakata mkia unaobaki. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: vuta mpaka ukatike. Anza upya, uukate tena. Mkono lazima ujue mwisho wa uzi uko wapi, maana kukaza vizuri ni kukaribia pale bila kufika. Ukitaka kupumzisha mkono, ning'iniza kibanio cha nguo kwenye uzi, uzito wake utazuia mizunguko kulegea.

Kuna hila moja inayofaa utumie jioni nzima kuijifunza. Ukiyaweka manyoya juu ya shina na kuzungusha uzi hivi hivi, yanaufuata uzi na kuishia ubavuni. Yabane juu ya shina kwa kidole gumba na cha shahada, pitisha uzi katikati ya vidole hivyo ukiacha kitanzi kilegevu juu, halafu vuta wima kwenda chini bila kuachia vidole. Rudia mara mbili tatu, ndipo ufungue vidole. Yakibaki juu, umeshaiweza sehemu ngumu.

Kumalizia, tafuta bomba tupu la peni. Zungushia uzi kwenye mdomo wa bomba kitanzi kinachojivuka, ingiza tundu la ndoano ndani ya bomba, telezesha kitanzi kikae kichwani, kaza. Vitanzi vitatu au vinne, kisha tone la rangi ya kucha. Zibua tundu kwa sindano kabla halijakauka, la sivyo utalizibua usiku mtumbwini kwa mikono yenye baridi. Na uache nafasi nyuma ya tundu tangu mwanzo, kwa sababu mwanafunzi hujaza manyoya hadi mbele kabisa, kisha anakosa pa kumalizia.

Sasa manyoya. Funga aina moja tu: dagaa. Migebuka huwafuata dagaa kwenye mwanga wa taa, basi huna haja ya kubuni mdudu wa ajabu. Nenda mwaloni, mtazame dagaa akiwa bado mbichi: mwembamba, ubavu wa fedha, mgongo wenye weusi. Chukua manyoya mawili meupe ya shingo ya jogoo, pande zilizobonyea zitazamane ili mkia unyooke. Ukiyageuza yatapanuka, na kila ukivuta yatajifunga na kufunguka. Samaki wengine hulipenda hilo, ila dagaa haogelei hivyo. Weka nyuzi chache zinazong'aa, ukizikata kutoka upande wa ndani wa pakiti ya krispi, na juu yake nywele chache nyeusi za mkia wa mbuzi. Chache kweli. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu na samaki anaona. Manyoya mengi yanafunika ule mng'ao unaomwita.

Usihukumu ndoano ikiwa kavu. Izamishe kwenye beseni, uivute taratibu, uone inalala vipi.

Kazi hii, kwa wanaoiona ya kisasa, ni ya zamani mno. Kiasi cha miaka 1,800 iliyopita mwandishi mmoja wa Kirumi aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo kwenye ndoano. Mapya yanaendelea kuja: miaka ya 1980 huko Pennsylvania, Marekani, Bob Clouser alifunga macho mazito ya risasi juu ya shina, ndoano ikapinduka ncha juu, ikawa inazama kichwa kwanza kila mshipi ukilegea. Mtindo huo uweke akiba kwa siku utakapowatafuta samaki aina ya kuhe kwenye mawe, ambako ndoano ya kawaida hunasa.

Ziwa likifungwa lisivuliwe, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ndio wakati wa kujaza kopo la ndoano. Manyoya mwombe muuza kuku akunyofolee kabla hajamtia kuku maji ya moto. Yaoshe kwa sabuni, yakauke kivulini, yahifadhi na naftalini maana wadudu huyala. Ndoano zilizokwisha kuingia majini zianike, uzitunze kopo lake peke yake, kutu isije ikahamia kwenye mpya.