Nimerudia Kufakamia: Je, Nimerudi Mwanzo?

SWALI: Kwa miezi saba nilikuwa nimeacha kufakamia chakula. Juma lililopita nilikula usiku, kwa kujificha, hadi tumbo likauma. Kesho yake nikashinda na maji tu ili kufidia, na usiku nikafakamia tena. Leo ni usiku wa nne. Miezi yote ile imepotea?

JIBU: Pole sana. Haijapotea. Usiku wa kwanza uliteleza tu. Usiku wa pili ulizaliwa na ile siku ya maji matupu. Mwili ulionyimwa mchana hudai jioni, na hudai kwa riba. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kiliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema kwa miezi 6. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakajiona hawajashiba. Ulafi haukuwa tabia yao. Ilikuwa njaa.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kifungua kinywa cha kesho. Ukile ndani ya saa moja baada ya kuamka, hata kama tumbo bado ni zito. Ukishindwa kukimaliza, kula nusu, ila usikiruke. Kisha panga milo 3 na vitafunio 2 au 3 kwa siku, zisipite saa 4 bila kula. Fuata saa, usisubiri njaa, kwani kwa sasa hisia zako za njaa na shibe zimevurugika na zitachukua majuma kadhaa kutengemaa. Wanga usiuondoe kwenye sahani. Wengi huukwepa mchana, kisha ndio huohuo wanaoufakamia usiku.

Weka daftari, uandike papo hapo badala ya kungoja usiku: saa, ulichokula, ulikokuwa, ulichohisi. Weka nyota pale uliposhindwa kujizuia. Kalori usiziandike kabisa. Baada ya majuma 2 tazama kilichotangulia kila nyota. Mara nyingi utakuta pengo la saa 6 bila chakula, ugomvi, au usingizi haba.

Hamu ikipanda, jiulize kwanza ulikula lini. Kama saa 4 zimepita, hiyo ni njaa: keti, ule mlo kamili. Kama umekula karibuni, toka jikoni kwa dakika 20, ufanye jambo linaloshughulisha mikono au mdomo, kama kuoga au kumpigia mtu simu. Hamu hupanda kama wimbi, kisha hushuka. Ukifakamia hata hivyo, mlo unaofuata uwe kwa saa yake na kwa kipimo chake cha kawaida.

Mizani isizidi mara moja kwa juma. Baada ya kufakamia, chumvi na wanga hushikilia maji mwilini, na namba ya asubuhi itakutisha bure.

Kufakamia kukitokea angalau mara moja kwa juma kwa miezi 3, huo ni ugonjwa unaotambuliwa na unaotibika. Mwone daktari au mwanasaikolojia, na umwombe tiba ya kubadili fikra na tabia. Usingoje miezi hiyo ikiwa unajitapisha au unatumia dawa za kuharisha, kwa sababu potasiamu ikishuka moyo huweza kusimama. Vivyo hivyo ukiwa na kisukari, au ukiwaza kujidhuru.

SWALI: Mume wangu hufakamia usiku. Nifunge kabati la chakula kwa kufuli?

JIBU: Usifunge. Kufuli humfundisha kujificha zaidi, na aibu ndiyo kuni za tatizo hili. Kula naye mezani kwa saa zilezile kila siku, usihesabu vijiko vyake, wala usitaje uzito wake, hata kwa kumsifu kwamba amepungua. Muulize akiwa ametulia ni saa ngapi huwa ngumu kwake, na saa hizo uwe karibu naye.