Usikate Bomba la Maji Kuunganisha Injini Mbili za Boti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Homa Bay aliniandikia: "Mzee, kile chuma kinachounganisha injini zangu mbili kimepinda, na kipya kinaagizwa kutoka nje kwa bei ya kuumiza. Je, nikikata bomba la maji, nikaponda ncha zake na kuzitoboa, nitakuwa nimekosea?" Nilishindwa kumjibu usiku huo, kwa sababu bomba la namna hiyo hiyo ndilo lililoniharibia biashara.

Boti yangu ilikuwa ya futi 24, yenye injini mbili za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti, za nguvu za farasi 150 kila moja, na nilikuwa nikiwapeleka wageni kutoka Dunga, Kisumu, hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano katika Ziwa Victoria. Usukani wake ulikuwa wa haidroliki, unaotumia msukumo wa mafuta, na silinda yake, ile inayoisukuma injini igeuke, ilikuwa moja tu, imefungwa kwenye injini ya kushoto. Injini ya kulia haikuwa na kitu cha kuielekeza isipokuwa kile chuma cha kuunganisha. Tunakiona kifupi, tunadhani kazi yake ni kuzipanga injini zipendeze machoni, ilhali ndicho usukani wenyewe wa injini ya pili. Tena propela za injini mbili kwa kawaida huzunguka kinyume, na kila moja huisukuma injini yake upande. Chuma kikiwa imara, misukumo hiyo humalizana humo humo, lakini kikilegea kila injini hushika njia yake.

Mkasa ulianza na magugumaji. Asubuhi moja yalisakama kwenye propela ya kulia, nikainua injini hiyo peke yake bila kujua kwamba chuma changu hakikuwa na maungio yanayoruhusu injini moja kuinuliwa na nyingine kubaki majini. Kikapinda. Fundi niliyemwamini alinitengenezea kingine kwa bomba, nami, kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa umefika, nikakifunga siku hiyo hiyo.

Kilivunjika miezi kadhaa baadaye, alasiri, tukirudi na abiria watano kwa kasi ya noti 30 hivi (kama kilomita 55 kwa saa), mawimbi yakiwa yameanza kupanda. Nilisikia mlio mmoja mkavu nyuma yangu. Injini ya kulia iligeuka yenyewe, tezi, yaani nyuma ya boti, ikarushwa upande, na mama mmoja akagonga ukingo wa boti akavunjika mkono. Nami nilirushwa kutoka kitini, na kamba ya kuzimia injini niliyokuwa nimeifunga mguuni ikachomoka. Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Tulipovutwa hadi ufuoni niliichunguza ncha ya bomba. Tundu la boliti, lililotobolewa likiwa duara, lilikuwa limelika likawa kama yai, kingo zake ziking'aa kama sarafu mpya, na pembeni kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, laini kama ugoro. Unga ule nilikuwa nimeuona kwa wiki nyingi. Kila Jumapili niliuosha kwa ndoo ya maji bila kujiuliza unatoka wapi.

Mshirika wangu alisema mbele ya watu kwamba nimeuza usalama wa wageni kwa bei ya bomba. Kila nikipita Dunga maneno hayo huniuma, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Kwa hiyo, kijana wangu, na ninyi nyote mnaotamani boti ya injini mbili inayokimbia, nunueni chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kisichoshika kutu, chenye boljointi (maungio ya gololi yanayogeuka kila upande) kwenye ncha zote mbili na nati za kukaza, na kinachoweza kurefushwa au kufupishwa kwa kuzungushwa. Kisha pimeni. Nyoosheni usukani, mpime umbali kati ya injini hizo mbili mbele ya yale mabamba bapa yaliyo juu ya propela, kisha nyuma yake. Vipimo vikilingana, injini ziko sambamba, na hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kufuata kitabu cha injini kwa marekebisho madogo. Kabla ya kila safari, injini zikiwa zimezimwa, mmoja ashike usukani na mwingine aitikise injini ya kulia kwa mikono miwili: ikisogea kabla ya ile ya kushoto, msiondoke ufuoni. Mkiuona unga mwekundu, msiuoshe, fungueni boliti. Msione haya kupima mara ya pili, wala ya tatu, hata kama abiria wananung'unika.

Boti niliyo nayo sasa ina silinda mbili, moja kila upande, na chuma madhubuti katikati, kama zinavyofungwa boti za mbio, na mwezi uliopita niliivusha hadi Mfangano usukani ukiwa umetulia kabisa mkononi.

Kijana, bomba hilo liache. Pima leo, kisha niandikie vipimo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma.