Soko la nyumba Dar limeamka? Mimi sisikilizi bei, nauliza mpangaji analipa miezi mingapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kama ni kweli soko la nyumba Dar limeamka, na kama uchukue ule mkopo wa milioni 60 uliopewa ofa na benki, riba asilimia 17 kwa miaka 15, ujenge nyumba ya kupangisha kwenye kiwanja chako cha Goba. Wadau wa juu yangu nusu wamesema chukua, bei zinapanda kila siku, nusu wamesema usithubutu. Mimi njia hiyo nilishaipita na iliniunguza, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Mwaka 2014 nilikopa milioni 60 hizohizo, riba asilimia 18, miaka 10, nimalizie nyumba pacha Tabata Segerea. Rejesho lilikuwa milioni 1 na elfu 81 kwa mwezi. Kila upande niliupangisha laki 4 na nusu, na wapangaji wote wawili walilipa miezi sita sita bila hata kuomba punguzo. Kodi laki 9, mimi naongezea laki na elfu 80 kutoka kwenye mshahara. Nikajiona mjanja wa mjini. Nilishaanza kuulizia kiwanja cha pili.

Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Sikushtuka, maana habari ya kuhamia Dodoma ilikuwepo tangu 1973. Mpangaji wangu wa upande wa kulia alikuwa mtumishi wa wizara. Mwaka uliofuata akaja na barua ya uhamisho na funguo zangu. Ule upande ukakaa wazi miezi mitano. Watu wa kuja kuangalia hawakukosekana. Walikuja, wakafungua bomba, wakasifia marumaru, halafu wakauliza, "Mzee, mwezi mmoja mmoja haiwezekani?" Mwanzoni nilikuwa nacheka. Mwezi wa tano nikakubali laki 3, miezi mitatu mitatu. Wa kushoto naye kazini kwao wakapunguza watu, akaomba alipe mwezi kwa mwezi, na kwa laki 3, kwa sababu alishajua mwenzake analipa ngapi. Ukuta wa nyumba pacha hauna siri.

Nikaenda benki kuomba wanipangie upya. Afisa mikopo akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Nilikuwa nimelipa miaka mitatu mfululizo, jumla karibu milioni 39. Deni lilikuwa limeshuka kutoka milioni 60 hadi milioni 51 na ushee. Nikamwambia mashine yako imekosea, binti yangu. Haikukosea. Mkopo wa nyumba miaka ya mwanzo unalipa riba, deni lenyewe unaligusa kwa ncha ya kidole. Wakaninyooshea miaka 10 mingine kuanzia siku ile, rejesho likashuka hadi laki 9 na elfu 27. Kodi yangu yote kwa mwezi ilikuwa laki 6. Miezi mingine nilimalizia kwa hela za kikoba cha mke wangu, ikafika mahali akawa anakwepa vikao, mwanamke ambaye alikuwa mweka hazina.

Sikuwa peke yangu, mnakumbuka vyuma vilivyokaza. Mwaka 2017 mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, kwenye mabenki ilipita asilimia 10, wakati Benki Kuu inataka isizidi 5. Magazeti yalijaa matangazo ya minada. Mwaka 2018 nilikwenda kwenye mnada mtaa wa pili kutoka pale Segerea, nyumba ya mtu ninayemfahamu kwa sura tu. Dalali ana spika juu ya gari, watu tupo kama kumi na tano, wengi wetu majirani waliokuja kushuhudia. Akataja bei ya kuanzia. Kimya. Akaishusha. Kimya. Mzee mmoja akataja bei ambayo hata kiwanja kitupu hakiuzwi, watu wakaangua kicheko, mnada ukaahirishwa. Tangazo lilelile nililiona tena gazetini mara mbili. Na Sheria ya Ardhi inaibana benki hapo: ikiuza nyumba kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba haikutimiza wajibu wake kwa mdaiwa hadi ithibitishe vinginevyo. Basi mwenye nyumba kakwama, benki nayo imekwama, na nyumba inaota majani.

Sasa dalili za kupona. Mimi nilizijua kwa sababu nilikuwa nimeuzoea ugonjwa.

Ya kwanza ni hiyo ya miezi, mpangaji analipa mingapi kwa mkupuo. Kodi inayotajwa ni maneno ya mdomoni. Mwenye nyumba anaweza kung'ang'ania kusema laki 4 kwa ajili ya heshima, kumbe kimyakimya anapokea mwezi mmoja mmoja. Miezi haidanganyi. Akiweza kusema "sita, au nampa mwingine" na mpangaji akaenda kutafuta hela, ujue nguvu imerudi upande wake. Kwangu miezi mitatu bila ubishi ilirudi mwishoni mwa 2019. Ikaja korona, upande mmoja ukayumba tena. Miezi sita kamili niliiona 2022, kwa laki 4. Leo pande zote mbili zinalipa laki 4 na nusu. Kaa na hiyo namba kidogo, ni ileile ya 2014. Hela siyo ileile, ulizia bei ya bati na nondo. Kwa hiyo wanaokwambia soko limepona wako sahihi, ila limepona kama mtu aliyetoka hospitali akiwa amekonda.

Ya pili ni mapagale, na hii naiamini kuliko takwimu. Nchi hii mikopo ya nyumba yote ukiijumlisha haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Watu wanajenga kwa mshahara, kwa mahindi, kwa hela ya mtoto aliyeko Uarabuni. Ukitaka kujua hali ya soko kwa kuangalia mabenki tu, unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Panda bajaji kutoka Segerea hadi Kinyerezi. Miaka ile niliyajua mapagale kwa alama zake: la mpapai sebuleni, la mbuzi, lile lililoishia kwenye lenta na nondo zikashika kutu. Lile la mpapai lilikatwa mpapai 2021, likapauliwa mwaka uliofuata. La mbuzi sasa lina geti na kamera. Pagale lililolala miaka sita likiwekwa bati, kuna familia imevuka. Hakuna anayepaua ili kumfurahisha Gavana wa Benki Kuu. Na mafundi paa wanakwambia wenyewe: 2018 fundi alikuwa anakupigia simu kuuliza kama umekumbuka kazi yako, sasa unampigia wewe na anakwambia subiri hadi mwezi ujao.

Minada nayo ilipungua, na inayofanyika ina wanunuzi wanaopandishiana bei. Hilo linakwenda sambamba na mikopo chechefu, ambayo kufikia 2024 ilikuwa imerudi chini ya asilimia 5.

Dalili nyingine zinazotajwa humu mimi sizipi uzito. Bei za madalali wa Instagram ni bei za kuombea dua. Majengo ya Shirika la Nyumba (NHC) ya Morocco Square na Kawe yaliyosimama kisha yakafufuliwa ni habari njema, lakini yanakueleza kwamba serikali imefungua mfuko wake. Mpangaji wako wa Goba hayamhusu. Na hizo fleti za Masaki mnazosema bei imebadilika ghafla, kumbukeni kwamba tangu mwishoni mwa Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutaja bei kwa fedha za kigeni humu nchini. Nyumba iliyokuwa inatangazwa kwa dola ikatangazwa kwa shilingi. Lugha ndiyo iliyobadilika pale.

Nije kwenye mkopo, kwa sababu soko la nyumba kupona na mkopo wa nyumba kupona ni vitu viwili. Mwanzoni mwa 2017 riba ambayo Benki Kuu ilizitoza benki ilikuwa asilimia 16. Mwezi Machi ikashushwa hadi 12, Agosti 9, mwaka 2018 ikawa 7, Mei 2020 ikawa 5. Mimi riba yangu ilikaa kwenye 18 kama mlima. Mkataba unasema riba inaweza kubadilika kulingana na soko, nikaja kugundua kwamba kubadilika huko kuna mwelekeo mmoja. Mwaka 2019 niliandika barua, nikaambatanisha gazeti. Wakajibu baada ya miezi miwili: 16. Kama nisingeandika, nisingepewa. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatangaza riba yake kila robo mwaka, ilianza na 5.5, ikapanda 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Usidhani rejesho lako litacheza ngoma hiyo.

Nisiwe mchoyo, hali ni nzuri kuliko zamani. Tangu kampuni ya TMRC ianzishwe 2010 kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, riba za nyumba zimetoka kwenye 22 hadi 24 zikaja kwenye 15 hadi 19, na miaka ya kulipa imeongezeka. Maafisa wanakuja ofisini na fomu na kalamu za bure. Ila hata 2014 walikuja na fomu na kalamu. Afisa mikopo mchangamfu siyo dalili ya kitu chochote.

Hesabu yako sasa. Milioni 60 kwa asilimia 17, miaka 15, ni rejesho la kama laki 9 na elfu 23 kwa mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa milioni 166. Mkopo huohuo ungekuwa wa asilimia 13 ungelipa laki 7 na elfu 59. Ukijenga nyumba pacha kama yangu, na Goba wakakupa laki 4 na nusu kila upande, unapata laki 9: umepungukiwa kuanzia siku ya kwanza, na hapo hujatoa asilimia 10 ya TRA kwenye pango, hujapaka rangi, na upande hata mmoja haujakaa wazi. Halafu miezi ya ujenzi haina mpangaji, ila makato huenda yakaanza. Waulize hilo kwa maandishi.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua milioni 25. Rejesho lake ni laki 3 na elfu 85. Ukiwa na akiba kidogo unamaliza upande mmoja, unapangisha, kodi inabeba mkopo na inabaki chenji. Upande wa pili uache umeishia kwenye msingi, nondo zikichungulia, jirani wakucheke. Utaumalizia kwa kodi ya huu wa kwanza. Na kabla ya kusaini jaribu kitu kimoja: kwa miezi mitano kuanzia sasa toa kwenye mshahara kiasi cha rejesho, weka akaunti ya pembeni, usiguse. Ukishindwa mwezi wa tatu, umepata jibu bila kuweka hati rehani. Ukifika wa tano, hizo ndizo akiba yako ya siku upande utakapokaa wazi.

Kuhusu dalali aliyekwambia Goba "wapangaji wanagombania", mwombe akupeleke kwenye nyumba tatu alizopangisha yeye mwaka huu, na wapangaji uwaulize mwenyewe walilipa miezi mingapi. Kama jibu ni mwezi mmoja au miwili, rudi hapa tuongee upya.

Ofa ya benki ipige picha, futa jina na namba ya akaunti, uiweke hapa. Nataka kuona kifungu cha riba kimeandikwaje, na adhabu ya kulipa kabla ya muda ni asilimia ngapi. Yangu ilikuwa ukurasa wa tisa, herufi ndogo, na niliisoma mwaka wa tatu.