Maswali na majibu: Kabla mguu haujaingia botini

Likizo ya Agosti inakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: tutatembea vipi baharini turudi salama? Nimechagua hizi chache. Majibu yangu mengi yanahusu yale ya kufanya mkiwa bado mchangani, kwa kuwa hapo ndipo abiria ana nguvu ya kukataa. Boti ikishaondoka, uamuzi ni wa nahodha.

Nataka kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 4 na 9, kutazama samaki kwa boti ya kioo kutoka Bamburi. Nahodha asema majaketi ya kuokolea yako chini ya viti, tutayavaa yakihitajika. Yatosha? (Mama, Kisauni)

Hayatoshi, mama. Boti ndogo haitoi notisi. Wimbi moja la ubavuni, watu wakimbilie upande mmoja kumwangalia kasa, na imeshapinduka. Majaketi ya chini ya viti yatabaki huko huko chini, na hakuna mzazi awezaye kumfunga mtoto vifungo huku mwenyewe anatafuta pumzi. Yavaeni mchangani, nyote, na myavue mkirudi mchangani.

Na si kuvaa tu. Mfunge mtoto jaketi, kisha lishike mabegani umnyanyue nalo. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamtoka kichwani. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu na kola ya kumwinua kichwa. Wa miaka 4 asipopata linalomkaa, abaki nawe ufukweni, mkubwa aende na baba au mjomba wake. Najua atalia. Mwache alie.

Uliza pia leseni. Boti ya abiria yapaswa kuwa na cheti cha KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, na cheti hutaja idadi ya abiria. Wahesabu waliomo, mtoto naye ni mtu. Mombasa hatuna haja ya kufundishwa na wageni maana ya kujaza chombo kupita kiasi: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu, wakafa watu 272. Nahodha akikwambia "hawa wawili tu, hawana uzito", shuka na wanao.

Wageni wetu wa bara watakuja Agosti na wanataka kutoka nje ya mwamba kwa mashua. Wakati gani ni mzuri? (Msomaji, Nyali)

Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, ndugu yangu, na kusi huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Ndani ya mwamba wa matumbawe, upande wa ufukweni, maji hukaa mapole kwa sababu mwamba huvunja mawimbi, lakini nje ni bahari nyingine. Wageni wasiojua kuogelea wabaki ndani, na watoke asubuhi kabla upepo haujapanda. Wakiweza kuahirisha hadi matlai, Oktoba au Novemba, watafurahi zaidi.

Pale mlangoni, penye mwanya wa mwamba, ndipo pa kuangaliwa sana. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo hutafuta njia ya kutokea katika mianya hiyo hiyo. Maji yakitoka kwa kasi yakakutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, mawimbi husimama wima na kuvunjika mahali ambapo saa tatu nyuma palikuwa shwari. Kwa hiyo nahodha akupe majibu mawili: maji yanaanza kupwa saa ngapi, na tutarudi mlangoni saa ngapi? Jedwali la maji kujaa na kupwa hutolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari. Asiyejua jibu la hayo mawili, msimlipe.

Nahodha akiwa amekunywa bia mbili tu? (Kijana, Likoni)

Msipande.

Nimenunua boti ndogo ya faiba yenye injini ya nyuma, niitumie hori ya Mtwapa na mara nyingine Tudor hadi Kilindini. Nihakikishe nini? (Msomaji, Shanzu)

Kwanza ile kamba nyekundu ya kuzimia injini. Ifunge mkononi au mguuni kila unapoiwasha. Ukirushwa nje, injini huzima. Usipoifunga, boti huzunguka na kukurudia na panga zake zinakata. Wengi huiacha inaning'inia kwenye injini, na naomba usiwe mmoja wao.

Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Uwe na makasia, nanga yenye kamba ya kutosha, ndoo ya kuchotea maji yakiingia botini, filimbi, tochi, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Ukienda mbali, nunua redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya baharini. Chaneli 16 ndiyo ya wito wa hatari. Na mwambie mtu wa nyumbani: naenda wapi, na nani, nikichelewa baada ya saa fulani piga 999.

Kilindini usikatize mbele ya meli. Meli kubwa katika mfereji ule haiwezi kukukwepa wala kusimama ghafla, na nahodha wake aliye juu huenda hakuoni kabisa. Feri za Likoni nazo zipishe kwa nyuma.

Chombo kikipinduka karibu na pwani, niogelee? (Mwanafunzi, Tudor)

Shika chombo, mwanangu. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na mkondo hukuvuta pembeni usijue. Mtafutaji huona boti iliyopinduka upesi kuliko kichwa cha mtu mmoja.

Ufukweni niliona kijana aliyetolewa majini akilazwa kifudifudi na kubanwa tumbo ili maji yatoke. Ni sahihi? (Msomaji, Mtopanga)

Sivyo, na kila sekunde inayopotea hapo ni ya hewa anayoikosa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, tazama kama anapumua kwa sekunde zisizozidi 10. Hapumui? Mzibe pua, mpe pumzi 5 mdomo kwa mdomo. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, pumzi 2, tena 30, pumzi 2, bila kuchoka, huku mwingine anaita gari la wagonjwa. Povu likitoka mdomoni, endelea. Akianza kupumua, mlaze ubavu.

Hata akikaa, akazungumza na kuomba maji, mpelekeni hospitali. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye, akiwa nyumbani amelala.