240Z ya mzee na injini kubwa: usikimbilie 2JZ

Mkuu, umeuliza kama hiyo Datsun 240Z uliyoachiwa na mzee wako pale Kanyenye uifunge 2JZ, injini ya Toyota inayotoka kwenye Crown, kama wanavyofanya vijana wa Dar, au kuna njia nyingine ya kuipa nguvu. Waliotangulia kukujibu karibu wote wamesema 2JZ. Mimi nina 240Z niliyoifufua hapahapa Tabora na inatembea mpaka leo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu: tafuta L28, injini ya Nissan ya ukoo uleule wa gari lako, na pesa utakayookoa ipeleke kwenye bodi, breki na rejeta.

Sababu yangu ni hii. Gari lako limetoka kiwandani na L24, silinda sita za mstari, 2393 cc. L28 ni ndugu wa tumbo moja: 2753 cc, bloku ina kimo kilekile, inakaa kwenye maunti zilezile na giaboksi yako inaifunga bila kuchongesha kitu. Ukileta 2JZ unahitaji maunti mpya, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inayokwepa krosimemba, yaani mhimili unaokatiza chini ya injini, na raki ya stelingi, propela ya kupima upya, pampu ya petroli ya presha kubwa, kontrol boksi na nyaya zake zote. 2JZ ni injini nzuri sana, siipingi hata kidogo. Lakini siku nyaya zikikugomea kati ya Sikonge na Mpanda, utamwita nani? L28 ina kabureta mbili, distributa na plagi sita. Fundi yeyote mwenye akili anaweza kuisikiliza na kujua inaumwa wapi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Pwani hawalioni. Tabora iko mita 1200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na tabo (turbo, ile pampu ya kusukuma hewa) inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. L28 inakuongezea asilimia 15 ya ujazo. Maana yake ukiwa hapa unarudishiwa kile ambacho mwinuko ulikunyang'anya, na kidogo juu yake. Kwa gari lenye uzito wa tani moja na ushee hiyo inatosha kabisa, kwa sababu faida ya L28 unaisikia chini, kwenye mizunguko 2000 mpaka 3500, pale unapotaka kulipita lori la tumbaku bila kushusha gia mbili. Na usisahau kwamba gari hili likiwa na L24 lilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Halikushinda kwa farasi wengi. Lilishinda kwa kuvumilia.

Sasa tuje kwenye bodi, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote. 240Z haina chasisi ya kujitegemea kama Land Cruiser. Bati ndilo chasisi. Kutu ikila sakafu na mihimili iliyo chini yake, gari limevunjika mgongo hata kama rangi inang'aa. Inua zulia lote. Angalia chini ya betri, maana asidi inayovuja hutafuna kile kitako kisha inashuka mpaka kwenye muhimili wa mbele. Angalia shimo la tairi la akiba, kona za chini nyuma ya milango, na mihimili ya pembeni inayopita chini ya miguu ya dereva. Chukua bisibisi na ugongegonge. Mahali penye afya panalia, palipokufa bisibisi inazama. Mafundi wetu wa bodi ni hodari wa kunyoosha, ila wengine wana mkono mwepesi kwenye puti. Mwambie fundi wako kabisa: bati bovu linakatwa mpaka lifike kwenye chuma kizima, linachomelewa bati jipya la unene uleule, halafu puti inakuja mwisho kabisa, nyembamba, kwa ajili ya sura tu. Langu lilikaa banda la shemeji yangu kwa muda mrefu kwa ajili ya sakafu peke yake, na injini ilikuwa imefunikwa turubai pembeni, inasubiri. Sikuruhusu mtu aiguse kabla ya bati kumalizika. Ukifunga injini kubwa kwenye bodi iliyooza, milango inaanza kukataa kufunga, na baada ya hapo hakuna fundi atakayekurudishia mstari wake.

L28 utaipata wapi? Watu wanafikiri lazima iletwe na meli. Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980, zile za 160, baadhi zilikuja na L28, na kwenye yadi za idara na miradi ya zamani huku magharibi bado zipo zimeegeshwa. Ya kwangu ilitoka kwenye Patrol ya namna hiyo. Upande wa kulia wa bloku, chini kidogo ya hedi, utaona imegongwa L28 kisha namba. Usinunue kabla hujaisoma kwa macho yako. Sampu ya Patrol usiihangaikie, imetengenezwa kukwepa difu ya mbele. Hamisha sampu yako ya L24 pamoja na bomba lake la kunyonyea oili. Flaiwili na klachi pia tumia za 240Z.

Bloku niliipeleka Mwanza kwenye karakana ya kukereza, silinda zikapanuliwa kutoka milimita 86 mpaka 87 na pistoni za ovasaizi zikafungwa. Ukikuta silinda zako bado zina mistari ya kiwandani na ringi hazijachoka, usipanue. Chuma kilichoondolewa hakirudi.

Hedi ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi ya kurudia. Kwanza gasketi: ya L24 matundu yake ya bolti yanakaa sawa kwenye L28, na fundi mwenye haraka ataifunga. Lakini tundu lake la silinda limetengenezwa kwa milimita 83, kwa hiyo ukingo wake unaingia ndani ya moto na utaungua. Dai gasketi ya L28, na kama umepanua, iwe ya saizi hiyo. Pili, hedi ya L24 ina chemba ndogo, hivyo ukiifunga juu ya L28 kompresheni inapanda. L28 nyingi za mwanzo zina pistoni zenye kibonde juu, ndiyo maana zinaivumilia hedi hiyo. Zenye pistoni bapa ni suala jingine: kwa joto la Oktoba hapa Tabora injini itagonga, yaani petroli italipuka ovyo ndani ya silinda, na kugonga huko kunavunja pistoni. Pima kabla ya kufunga, usikadirie.

Tatu, na hili halijatajwa na mtu kwenye majibu yote: hedi za zamani za L24 zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Ukiendesha safari ndefu kwa petroli ya leo, valvu zinaweza kuzama kidogo kidogo kwenye viti vyake, nafasi za valvu zikabana, mwishowe valvu ikaungua. Hedi ikiwa tayari iko mezani karakana, weka viti vigumu vya chuma. Gharama yake ni ndogo kuliko kuishusha hedi mara ya pili.

Kabureta za Hitachi usizitupe. Zile za 1970 hadi 1972 zenye kuba la mviringo ni bora sana, na zinaitosha L28 ukibadilisha sindano. Watu wa Z wanatumia zinazoitwa SM kwa injini hii. Kama gari lako ni la 1973 na lina zile za juu bapa, tafuta za mviringo, maana hizo bapa zinasumbua kuwaka injini ikiwa moto. Weka bati la kukinga joto kati ya kabureta na manifoldi, na bomba la petroli lisiguse hedi. Ukisimama sokoni saa nane mchana kisha gari likakataa kuwaka, kwa kawaida petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba. Kichujio cha hewa kisikosekane hata siku moja. Mchanga wetu ni laini na unakula silinda kimya kimya.

Rejeta: tengenezesha ya shaba yenye safu tatu. Wazee wa kuchomelea rejeta bado wapo mjini na ya shaba wanaiweza, ile ya plastiki na alumini ikipasuka ndiyo mwisho wake. Na fundi akikwambia aitoe thamostati kwa sababu nchi yetu ni ya joto, mkatalie. Injini isiyofika joto lake inakula petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi ulizonunua jana zinazeeka haraka.

Breki zitakufurahisha. Kalipa za pistoni nne za Hilux ya 4x4 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, aina ya S12-8, zinaingia kwenye nguzo za mbele za 240Z kwa matundu ya bolti yaleyale na diski zilezile. Bati la kukinga vumbi linakatwa kidogo, basi. Spea za Hilux zinapatikana kila duka kuanzia Nzega mpaka Kigoma. Masta silinda yako ya saizi 7/8 pandisha iwe 15/16, la sivyo pedali itakuwa ndefu mno.

Difu ya R180 uliyonayo inaimudu L28 isiyo na tabo, mradi huachii klachi ghafla. Badilisha oili na sili, endelea.

Kadi ya gari ina namba ya injini na cc. Ukibadilisha injini, peleka taarifa TRA mapema, ukiwa na risiti ya uliponunua na ukaguzi wa trafiki. Usikubali injini isiyo na karatasi, hata iwe bei ya bure.

Kwa sasa usinunue chochote. Weka hapa picha za sakafu kwa chini, kitako cha betri, kabureta, na ile namba ya bloku. Nikiona bati lilivyo nitakwambia kama tuanze na mchomeleaji au moja kwa moja na hedi. Kama uko mjini Jumamosi, niandikie inboksi, nitakuja na jeki na bisibisi tukalikague pamoja hapohapo kwa mzee.